Kisamvu tunakipika na sumu inaondoka, mbona uyoga hapana?

"Mtaalamu, shikamoo. Tunaishi Morogoro, maeneo ya Kihonda. Nyuma ya nyumba nina bustani ndogo: mchicha, matembele, mnavu, sukuma wiki kidogo, na mistari miwili ya mihogo ambayo kazi yake kubwa ni kisamvu. Mwaka jana nilijifunza kuotesha uyoga wa mifuko. Tulikula, mwingine nikauza kwa majirani. Mifuko ilipochoka nikaimwaga kwenye shimo la mboji, chini ya mwembe. Sasa mvua zimekolea na uyoga umeota kila mahali. Kuna mweupe kwenye mboji, kuna mkubwa wenye magamba ya kahawia kwenye nyasi mbele ya nyumba, na kuna mdogo wa manjano kwenye ndoo ya maua. Mama mkwe wangu ni mtu wa Iringa, ameokota uyoga tangu utotoni. Anasema ule mkubwa unaliwa kabisa, na kama nina wasiwasi niuchemshe na kitunguu saumu, kikibadilika rangi nimwage. Mume wangu naye anasema: kisamvu kina sumu na tunakipika tunakula kila wiki, uyoga una ajabu gani? Tena kuku walishaudonoa na wako hai. Sitaki kumvunjia mama heshima, lakini nina mtoto wa miaka mitatu, na mwaka jana alitapika usiku baada ya kula uyoga wangu wa mifuko. Nikabaki najiuliza kama hata huo ni salama. Nifanyeje?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: ule uyoga mkubwa wa mbele ya nyumba usiingie jikoni, leo wala kesho. Usiuonje hata kipande. Mengine tutayazungumza polepole, na mengi yatakupa faraja, kwa sababu bustani yako iko vizuri na uyoga wako wa mifuko nao sina ugomvi nao.

Swali la mumeo ndilo nililolipenda kuliko yote. Nimeulizwa hilohilo mara nyingi, na kila anayeuliza huwa na uso wa mtu aliyekwishashinda kesi. Shida yake ni kwamba linaanzia mahali pasipo sahihi. Kinachoondoa sumu ya kisamvu kwanza ni kinu, moto unakuja kumalizia tu.

Jani bichi la muhogo halina sianidi iliyokaa inasubiri. Lina kitu kinachoitwa linamarini, ambayo ni sukari iliyofungamana na kile kitakachokuja kuwa sianidi. Mahali pengine ndani ya jani hilohilo kuna kimeng'enya chenye kazi moja tu, kuikata linamarini. Mmea umevitenga hivi viwili kama unavyotenga njiti na kiberiti chake usipotaka moto. Mdudu akitafuna jani, kuta za seli zinapasuka, vitu hivyo vinakutana, sianidi inatoka, na mdudu anajuta. Wewe unapotwanga kisamvu unafanya kwa makusudi kile ambacho mdudu amekifanya kwa njaa: unapasua kuta zote ili kazi yote iishie kinuni. Na sianidi ya namna hii huchemka kwenye nyuzi joto 26 hivi. Mchana wa Morogoro unaifikisha hapo bila hata kuwasha jiko. Ndiyo maana bibi zetu walikitwanga mpaka kikalainika kabisa, wakakichemsha muda mrefu sufuria ikiwa wazi, na nazi au karanga vikaja mwishoni.

Sasa chukua majani mazima ya muhogo uyatumbukize kwenye maji yanayotokota. Moto unakiharibu kile kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi, lakini linamarini yenyewe inavumilia moto. Chakula kimeiva, kimelainika, kinanukia, na sehemu ya hatari bado imo. Kwa hiyo hata kwenye kisamvu, anayesema "nimepika, basi ni salama" anabahatisha. Twanga vizuri, au saga kwa mashine, haina tofauti, halafu usifunike sufuria mwanzoni. Mkifanya hivyo endeleeni kula bila hofu.

Turudi kwenye uyoga. Uyoga wa hatari kuliko wote duniani una sumu za kundi liitwalo amatoksini. Zinapatikana kwa baadhi ya uyoga wa jamii ya Amanita, na pia kwa baadhi ya vile vidogo vya jamii ya Lepiota, ambavyo havioni haya kuota bustanini. Amatoksini haihitaji kutwangwa ili iamke, na haina mlango wa kutokea. Ni kipete kidogo kilichofungwa imara. Kuchemsha hakukifungui, kukaanga hakukifungui, wala kukausha juani au kugandisha kwenye friji. Hata majimaji ya tumboni, yanayosaga nyama na mfupa laini, yanakipitisha kikiwa kizima. Ukimwaga supu, kingine kimebaki kwenye nyama ya uyoga.

Kikishafika kwenye ini kinaingia ndani ya seli na kukibana kimeng'enya kinachonakili maagizo ya jeni. Seli isiyoweza kunakili maagizo haiwezi kujitengenezea protini mpya, kwa hiyo inaishi kwa akiba. Akiba ikiisha, inakufa. Ini nalo linajaribu kujisafisha, linaisukuma sumu kwenye nyongo, nyongo inaimwaga utumboni, utumbo unaifyonza tena na kuirudisha kwenye ini. Inazunguka hivyo. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini mtu aliyekula uyoga huu jioni analala vizuri kabisa. Dalili huanza baada ya masaa 6 hadi 12, mara nyingine hata 24: anatapika, anaharisha maji, tumbo linamkata. Siku ya pili anapata nafuu, anaomba uji, ndugu wanamshukuru Mungu. Siku ya tatu au ya nne macho yanakuwa ya njano. Ile nafuu ya katikati imeua watu wengi, kwa sababu wengine waliruhusiwa kurudi nyumbani wakati ini linaanza kushindwa.

Sisemi kwamba huo ndio ulioota kwako. Ninachosema ni kwamba jiko haliwezi kukusaidia kuujua.

Sasa kitunguu saumu. Kila nchi ina kipimo chake cha jikoni: kwingine ni kijiko cha fedha, kwingine mchele, kwingine kitunguu. Vyote vilizaliwa na wazo kwamba "sumu" ni kitu kimoja chenye tabia moja. Kijiko cha fedha huwa cheusi kikikutana na salfa, na salfa iko kwenye yai la kuchemsha, ambalo halijamuua mtu. Kitunguu saumu kina salfa yake chenyewe. Ukikiweka kwenye ndimu au siki kinaweza kugeuka kijani au bluu bila uyoga kuwepo jirani. Amatoksini haigusi hivyo vyote. Sufuria yenye uyoga wa kuua na kitunguu saumu cheupe pee ni jambo la kawaida.

Kuku nao tuwaache wapumzike. Hujui walidonoa kiasi gani, na hata kama walikula wakashiba, mwili wao si wako. Sungura anaweza kula uyoga wenye amatoksini na akavumilia kiasi ambacho mtu hawezi. Konokono wanautafuna usiku kucha. Ukikuta uyoga umeliwa na wadudu, umejifunza kwamba wadudu wana njaa.

Kuhusu mama mkwe nitazungumza kwa heshima, na si heshima ya kujifanya. Watu wa Iringa wanaujua uyoga kuliko wengi tuliosomea. Katika misitu ya miombo upo uyoga mzuri ajabu, mwingine wa jamii hiyohiyo ya Amanita, unaoliwa vizazi na vizazi, na ukipita barabara za kule wakati wa mvua utaukuta kwenye mabeseni na ndoo. Lakini maarifa ya mama yana viungo vingi ambavyo hata yeye havitaji, kwa kuwa kwake ni vya kawaida. Anaujua uyoga pamoja na mti wake, udongo wake, na mvua ya ngapi. Uyoga mwingi wa miombo hauwezi kuishi bila mizizi ya miti ya miombo. Unaipa miti hiyo maji na madini, yenyewe inaulipa sukari. Mbele ya nyumba yako kuna nyasi na labda ua la michongoma. Mti wake haupo. Kwa hiyo kinachofanana na uyoga wa kwao kimeota hapo kwa sababu nyingine kabisa, na pengine ni kingine.

Jambo hili haliwapati wazee wetu peke yao. Mkesha wa kuamkia mwaka 2012, huko Canberra, Australia, watu wenye asili ya China walipika uyoga ulioota mjini. Wawili walifariki. Ulikuwa ule wa amatoksini unaoota chini ya miti ya mwaloni, na ukiwa mchanga unafanana na uyoga wa majani ya mpunga unaopendwa sana Asia. Jicho lao lilikuwa zuri tu, ila lilikuwa limefundishwa kwingine.

Haya, tuupitie mmoja mmoja, ingawa nakuonya kwamba mtu makini hatambui uyoga kwa maelezo ya maandishi.

Ule mkubwa wa kwenye nyasi, kwa jinsi ulivyousimulia, unanipeleka moja kwa moja kwa uyoga ambao wataalamu wanauita Chlorophyllum molybdites. Unapenda nyasi za mbele ya nyumba, viwanja vya mpira na bustani za maofisi katika nchi za joto. Ni mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia, una pete kwenye mguu, na ni mzuri wa kuvutia. Ukiugeuza ukiwa mchanga, zile kurasa nyembamba zilizo chini ya kofia ni nyeupe. Ukikomaa zinaanza kuingia ukijani. Hauna amatoksini, na ni nadra kumuua mtu mzima. Lakini ndani ya saa moja hadi tatu utakufanya utapike mpaka usione kilichobaki cha kutapika, na kuharisha juu yake. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kuishiwa maji mwilini kabla hamjapata usafiri.

Naujua vizuri kwa sababu niliwahi kuula. Nilikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, umri ambao mtu anajua kila kitu. Niliukuta nyuma ya bweni, nikawaambia wenzangu kwamba ni wa kichuguu, nikaukaanga kwa vitunguu na nyanya, na namshukuru Mungu wenzangu hawakuniamini. Mpaka usiku wa manane walikuwa wananibeba wakicheka, halafu wakaacha kucheka. Tangu siku ile sijawahi kusema "huu ni wa kichuguu" kabla sijachimba.

Na kuchimba kunasaidia kweli. Uyoga wa kichuguu haukai juu juu. Mchwa wanaulima ndani ya kiota chao, wanaulisha majani yaliyotafunwa, na mvua zikija unapandisha mguu mrefu kama mzizi kutoka kwenye kiota hadi juu ya ardhi. Ukichimba taratibu utaufuata huo mguu chini, mara nyingine zaidi ya urefu wa mkono. Ule wa nyasi unaishia pale pale, na kitako chake kimevimba kidogo. Sikupi hiki kama kipimo cha kukuruhusu kula. Nakupa kwa sababu mama atakielewa mara moja.

Kipimo kingine unaweza kukifanya usiku huu, na hakigusi mdomo. Kata kofia iliyofunguka, iweke kwenye karatasi nyeupe kurasa zikitazama chini, funika na bakuli, nenda kalale. Asubuhi utakuta vumbi limeanguka na kuchora umbo la kurasa zile. Vumbi la Chlorophyllum huyo ni la kijani kilichofifia. La uyoga wa kichuguu ni la waridi hafifu. Vumbi la kijani linakuambia tupa. Ila usiligeuze: vumbi jeupe au la waridi halimaanishi ruksa, kwa kuwa uyoga wa amatoksini wa jamii ya Amanita una vumbi jeupe, na wapo wenye sumu ambao vumbi lao ni la waridi.

Ule wa manjano kwenye ndoo ya maua ni rahisi zaidi. Uyoga mdogo wa manjano kama ndizi mbivu, unaoota kwenye vyungu na ndoo za maua, karibu kila mara ni Leucocoprinus birnbaumii. Hauliwi, unavuruga tumbo. Haudhuru maua yako. Unakula tu mabaki ya majani yaliyooza kwenye udongo. Ung'oe kwa sababu ya mtoto, maana rangi ile inamwita. Na kama ulitaka kuuliza lakini ukaona haya: uyoga wenye sumu hauutii sumu mchicha ulioota karibu yake. Kuushika tu pia hakumpi mtu sumu. Nawa mikono, yaishe.

Mweupe wa kwenye mboji ndio mgumu. Huenda ni uyoga wako wa mifuko, mamama, umeamua kutoa mwisho mwisho. Masalia ya mifuko hufanya hivyo mvua ikinyesha. Mamama hutokea kwenye bonge lenyewe la majani ya mpunga, kwa vishada, mguu mfupi uliokaa pembeni, kurasa zinateremka mpaka kwenye mguu, hakuna pete, hakuna kikombe kwenye kitako. Lakini mboji imechanganyika na udongo, kinyesi cha kuku na maganda ya kila aina, na humo huota uyoga mwingine mwingi. Mmoja wa kawaida ni ule mwembamba ambao kofia yake inayeyuka na kuwa wino mweusi ndani ya siku moja. Ndugu yake mmoja huota kwenye malundo ya mabaki ya mkonge Tanga, na watu wa kule huuokota ukiwa mchanga na kuula. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamewahi hata kufanya utafiti wa kuuotesha kwenye mabaki hayo. Ndugu mwingine wa ukoo huohuo ukiula kisha ukanywa bia, hata kama ni kesho yake, uso unawaka, moyo unakwenda mbio na unatapika. Sidhani kama unataka kuanza kuwatofautisha hao jikoni.

Ushauri wangu ni huu: chochote kilichoota kwenye shimo la mboji kiache. Kama kuna mabonge ya mifuko ambayo bado ni mazima, meupe na hayajachanganyika na udongo, yatoe, yapange kivulini juu ya mbao, nyunyizia maji mara mbili kwa siku, na uvune kinachotoka kwenye bonge lenyewe tu. Uzuri wote wa uyoga wa mifuko ni kwamba hukuuokota. Uliupanda mwenyewe, unajua mbegu umeinunua wapi, na umeuona tangu ulipokuwa utandu mweupe. Hakuna haja ya kuutambua.

Sasa mtoto na kutapika kwake. Siwezi kukwambia kwa hakika kilichotokea usiku ule, lakini yapo mambo matatu ninayoyakuta mara kwa mara. La kwanza ni upishi. Ukuta wa seli ya uyoga umejengwa kwa kitini, jamii ileile ya kitu kinachofanya ganda la panzi na kaa. Tumbo la mtu linakisaga kwa shida, na la mtoto ni zaidi. Halafu mamama mbichi una protini inayoweza kupasua chembe nyekundu za damu. Hiyo, tofauti na amatoksini, inaharibika kwa moto. (Umeona? Mumeo alikuwa na haki kwenye uyoga mmoja.) Kwa hiyo usiule mbichi kwenye kachumbari, na usiutoe jikoni ukiwa umelegea tu. Uchane kwa mkono vipande vyembamba, uweke kwenye sufuria pana, acha maji yake yatoke na yakauke yote, ndipo utie mafuta na viungo. Dakika 15 jumla ni muda mzuri. Mtoto mpe vijiko viwili vitatu, sio bakuli.

La pili ni uhifadhi. Uyoga uliovunwa unaendelea kupumua. Ukiufunga kwenye mfuko wa plastiki na kuuacha mezani mchana wa Morogoro, jioni una ute na harufu ya samaki, na bakteria wameshakaribishwa. Uweke kwenye karatasi, ndani ya friji, uliwe ndani ya siku tatu au nne. Ukizidi, uanike mpaka ukatike kama kijiti. Mfuko wowote ulioota ukungu wa kijani au wa rangi ya chungwa usiuvune. Utoe bandani kabla haujaambukiza mingine. Na usipulize dawa ya wadudu kwenye mifuko. Weka chandarua dirishani.

La tatu ni mzio. Wapo watu ambao miili yao inaukataa uyoga, hata ulio bora. Kama mtoto ataula tena, kidogo na ulioiva vizuri, akatapika tena au akatoka vipele au midomo ikavimba, acha kabisa na umpeleke kliniki. Hapohapo nikuulize: mifuko ilikaa wapi? Kama ilikuwa chumba mnacholala, ihamishe. Mamama ukikomaa unamwaga vumbi lile jeupe kwa wingi, na kulivuta kila siku kunaleta kikohozi na kifua kubana. Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka na kupinda juu, na vaa barakoa ukiingia bandani asubuhi.

Mboga zako nyingine sina la kusema sana. Mnavu endelea nao: chuma majani machanga, chemsha, na kama ni mchungu mwaga maji ya kwanza. Kilicho kibaya ni yale matunda ya kijani, kwa hiyo mfundishe mtoto asiyachezee. Kinyesi cha kuku kikae kwenye mboji miezi miwili mitatu kabla ya kugusa mchicha.

Nikuambie na hili, Mungu aepushie. Ikitokea mtu nyumbani amekula uyoga wa kuokota, kisha akaanza kutapika au kuharisha, usimpe maziwa, usimpe mafuta, usimtapishe kwa kidole. Nendeni hospitali yenye maabara na wodi, sio duka la dawa. Wote mliokula sufuria ile muende, hata ambaye hajisikii chochote. Beba uyoga uliobaki, mzima na kitako chake, kwenye mfuko wa karatasi. Kama umekwisha, beba hata matapishi. Mwambieni daktari saa mliyokula na saa dalili zilipoanza, kwa sababu hizo saa mbili zinamwambia zaidi ya maelezo mengine yote. Zikianza baada ya masaa 6 au zaidi, ombeni ini lipimwe, na msikubali kuondoka kwa sababu mgonjwa amepata nafuu siku ya pili. Njiani mpeni maji ya ORS kidogo kidogo kama anaweza kunywa.

Na ukitaka kujua kwa hakika jina la kilichoota hapo kwako, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kiko mjini kwenu. Chimba mmoja mzima, ufunge kwenye gazeti, upeleke asubuhi ukiwa bado mbichi.

Mama usibishane naye mezani. Mwombe akueleze uyoga wa kwao: unaota wapi, chini ya mti gani, mvua ya ngapi, wanauchimbaje. Mpe uyoga wa mifuko aupike kwa karanga, kama anavyopika wa kwao. Halafu usiku tegeni pamoja ile karatasi chini ya bakuli. Likitoka vumbi la kijani asubuhi, nadhani hutahitaji kusema neno. Mtu aliyeokota uyoga tangu utotoni atajua mwenyewe kwamba rangi ile kwao hajawahi kuiona.